Tobo la Pili

Makoye alileta pikapu Jumanne asubuhi,
nyeupe iliyokwisha kusahau weupe wake,
magamba ya sangara yameganda kwenye bodi
kama shilingi zisizonunua kitu.
Mkononi mfuko wa rambo; ndani yake skana
imeviringishwa kwenye fulana isije ikagongwa.
"Fundi Nyanzobe, lipe gari langu masikio.
Nataka nijue boti zitashusha wapi
kabla zenyewe hazijajua."

Nilicheka. Gereji yangu Mabatini iko chini ya jabali
ambalo tangu nizaliwe linataka kuanguka, linaghairi.
Nikamwambia: kitu hiki bila antena
ni kiziwi aliyevaa hereni.
Na antena inataka paa. Katikati. Tobo.

Hapo mtu akaingiwa na baridi.
Gari lile alilikopea kwa ndugu watatu,
akalipitisha kwenye mvua, matope na maneno;
mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba ya katani.
Lakini paa, alisema, paa halijawahi kuvuja.
Akanipa mgongo,
kama baba anayesubiri mwanawe achomwe sindano.

Keekee ikalia. Bati likatoa ulimi mwembamba, unang'aa.
Ngasa, kijana wangu, akavisha mpira,
akapaka gundi mara mbili.
Waya nikaushusha kwenye nguzo ya mlango,
chini ya zulia lililonuka ziwa zima,
hadi kwenye betri. Fyuzi kwanza:
sitaki mtu aniunguzie jina.
Pa kufunga ethi nikapakwangua kutu mpaka chuma kikacheka.

Tukawasha. Tukapata nyuki.
Injini ikinguruma, nyuki; ikizimwa, kimya.
"Alteneta hiyo," nikasema, nikafunga kichujio,
nikageuza kile kitufe kinachomeza mikwaruzo,
polepole, polepole,
mpaka pakabaki uwazi, na ndani ya uwazi, mtu:
"...barafu imebaki pipa moja, narudia, moja..."
Makoye akaruka kichwa kikagonga paa.
Tulikuwa huku juu, mawe matupu pande zote,
na ziwa likatuingia kabini.

Miezi miwili alikula vizuri.
Igombe wa kwanza yeye, Kayenze wa kwanza yeye,
wenzake wakasema anafuga jini.
Chaneli ishirini na mbili zikipokezana
kama waombolezaji kwenye kikombe kimoja.

Usiku wenyewe hakunihadithia vizuri;
iliyohadithia ni mikono yake.
Skana ilisimama kwenye sauti ya nahodha Mafuru:
injini imekata, tunasukumwa,
hapa pana mawe, nani ananisikia?
Nani ananisikia?
Makoye akamjibu.
Akajibu kwa sauti kubwa, madirisha yamefungwa,
akataja jina lake na la baba yake,
akaichapa skana kofi.
Mafuru akaendelea kuuliza.

Basi akaliendesha mpaka maji yakagusa bampa.
Taa zote. Honi, mpaka honi ikakauka.
Kule gizani kasia likagonga jiwe, likagonga tena, karibu zaidi.
Watu wanne walitoka wakitambaa
kufuata taa mbili, moja chongo.

Leo amerudi. Betri imekufa,
viti bado vina unyevu. Bei hakuuliza.
"Fundi, toboa tena. Sasa nataka mdomo."
Nikamwambia redio ya kusema ina leseni,
leseni ina foleni, foleni ina gharama zake,
na matobo mawili kwenye paa moja mimi sitoi dhamana.
Hakunijibu.
Akapanda bodini, akainama,
akaweka kidole kwenye bati, pembeni kidogo ya lile la kwanza,
akakiacha hapo
mpaka Ngasa akaleta chaki.